Objekti inayojilodi yenyewe: kufukuza lupu ndani ya ORM

Kuna bagi ambayo kwenye mashine yako huioni hata siku moja, testi zote kijani, kila mtu ana furaha, afu siku data ya kweli ikiingia seva inaanza kula memori mpaka inazimika na ukifungua logi unakuta kwiri mbili tu, zilezile, zinapokezana kurasa kwa kurasa. Hiyo ni objekti inayolodi ndugu zake, ndugu zake wanailodi yenyewe tena, yenyewe inawalodi wao tena, na hamna wa kusema basi.

Nimeshika sana tabaka la ORM, yaani kodi inayogeuza rekodi za databesi kuwa objekti za programu na kuzirudisha, tena lililoandikwa na timu yenyewe, sio hizi kubwa za kudaunlodi, na ukiwa ndani ya kitu kama hicho unaona wazi ambacho Hibernate au SQLAlchemy wanakuficha. Maoni yangu, na najua kuna watu watabisha, ni kwamba bagi hii karibu kila mara inarekebishwa mahali pabaya. Watu wanarekebisha pale inapolipuka. Chanzo kiko juu kidogo, kwenye swali dogo sana: objekti inahesabika ipo kuanzia lini?

Tuchukue mfano wa kawaida kabisa. Tebo mbili, wafanyakazi na idara. Mfanyakazi ana kolamu ya idara_id, na idara ina kolamu ya mkuu_id ambayo inarudi kulekule kwenye wafanyakazi. Hamna kitu cha ajabu hapo, mifumo kibao imejengwa hivyo. Sasa mfanyakazi namba 7 yuko idara namba 3, na mkuu wa idara namba 3 ni nani? Ni huyohuyo namba 7. Kodi ya kulodi ilikuwa inafanana na hii, nimeiandika kwa Kiswahili ili isomeke:

lodi(aina, id):
    kama (aina, id) imo kwenye rejista: rudisha iliyomo
    rekodi = leta kutoka databesi
    objekti = jenga(aina, rekodi)
    kwa kila uhusiano wa aina hii:
        objekti.uhusiano = lodi(aina ya uhusiano, id ya uhusiano)
    rejista(aina, id) = objekti
    rudisha objekti

Isome taratibu. Rejista, yaani orodha ya objekti zilizokwisha kulodiwa, ipo. Kuangalia rejista kupo, mstari wa kwanza kabisa. Kuandika kwenye rejista nako kupo. Mtu akikagua hii kodi haraka haraka anapitisha, maana kila kinachotakiwa kinaonekana kipo. Ila fuata namba 7: rejista tupu, leta rekodi, jenga, nenda kwenye uhusiano wa idara, lodi idara 3. Idara 3 haimo, leta, jenga, nenda kwa mkuu, lodi mfanyakazi 7. Haya, mfanyakazi 7 yumo kwenye rejista? Hayumo! Ameshajengwa, yuko kwenye memori, anasubiri idara yake, lakini mstari wa kumwandika uko chini ya lupu ambayo haijaisha na haitaisha. Kwa hiyo analetwa upya, namba 7 wa pili, naye anataka idara, na safari inaendelea mpaka staki, ile memori inayotunza miito ya fankisheni ambayo haijaisha, ifurike.

Dawa ni kuuhamisha mstari mmoja. Rejista inaandikwa mara tu baada ya jenga, kabla ya kugusa uhusiano wowote. Mtoto anaandikishwa akizaliwa, hasubiri mpaka amalize shule. Ukishafanya hivyo, lodi ya pili ya namba 7 inakuta yupo, inarudisha huyohuyo ambaye hajakamilika, idara 3 inamshika kama mkuu wake, inarudi juu, na namba 7 anapewa idara yake. Mduara umefungwa kwenye memori kama ulivyo kwenye databesi, na kila rekodi ina objekti moja tu.

Ningependa kusema ndo mwisho wa habari lakini hapo ndo panaanza kunoga.

Kwanza kabla hujahamisha mstari wowote, hakikisha lupu yako ni hii kweli. Ukipata kosa la staki kufurika usisome juu, juu kumejaa takataka, tafuta kipande kinachojirudia. Chukua jina la fankisheni moja, tafuta linapotokea tena, na kilichoko katikati ndo mduara wako. Kama katikati kuna majina ya kulodi na kuleta rekodi, ni lupu ya kulodi. Kama kuna majina ya kuandika JSON, hiyo ni lupu ya kugeuza objekti kuwa maandishi, kulodi kulishaisha salama zamani. Kama ni toString au hashCode ni kitu cha tatu, nitakitaja chini. Hizi tatu zinavaa nguo moja, zote zinatoa kosa lilelile, na nimeona watu wakibadilisha mipangilio ya kulodi wiki nzima wakati kilichokuwa kinalipuka ni laibrari ya JSON.

Sasa dawa ambayo karibu kila mtu anaikimbilia kwanza: kikomo cha kina. Unaongeza kigezo kwenye lodi, kila ukishuka ngazi unaongeza moja, ukifika ngazi ya tatu au ya nne unaacha, unarudisha NULL au listi tupu. Seva haifi tena, tiketi inafungwa, watu wanaenda nyumbani. Mimi hii siipendi kabisa na nitasema kwa nini kwa urefu kidogo maana hapa ndo data za watu zinapotelea.

Fikiria idara ina listi ya wafanyakazi wake, sio mkuu peke yake. Umelodi mradi, mradi una kiongozi, kiongozi ana idara, na hapo kikomo kimefika kwa hiyo listi ya wafanyakazi wa idara hiyo ni tupu. Tupu kabisa, haina alama yoyote kwamba haikuletwa. Kodi nyingine huko mbali, imeandikwa na mtu asiyejua habari za kikomo chako, inachukua hiyo idara, inabadilisha jina lake tu, inasevu. Tabaka la ORM linafanya kazi yake kwa uaminifu: linalinganisha listi iliyoko kwenye objekti na rekodi zilizoko kwenye databesi, linaona kule kuna watu arobaini na huku hamna hata mmoja, linahitimisha kwamba umewatoa wote. Kama uhusiano umewekwa kwamba asiye na mzazi afutwe, wanafutwa. Hamna kosa kwenye logi, transaksheni imekubali vizuri tu. Na hili halihusu ORM za nyumbani peke yake, kwenye JPA, kanuni za ORM za Java, ukiwa na orphanRemoval (mpangilio wa kumfuta mtoto aliyetolewa kwa mzazi) afu ukafanya merge ya objekti iliyotoka nje ikiwa na listi tupu, watoto wanafutwa vilevile, ndivyo ulivyoiambia.

Mtu atasema mbona Hibernate yenyewe ina max_fetch_depth na SQLAlchemy ina join_depth, si vikomo hivyo? Ni vikomo, ila vya kitu kingine. Vile vinasema ni ngazi ngapi ziunganishwe kwenye kwiri moja ya joini. Ukivuka hapo data haikatwi, inaletwa kwa kwiri nyingine au inabaki kivivu ikisubiri mtu aiguse. Kikomo cha kiasi cha kuleta kwa mkupuo mmoja ni sawa, kikomo kinachodanganya kwamba hakuna kitu wakati kipo ndo ninachokikataa.

Kwa hiyo ukiwa huna budi kukatisha kulodi mahali, usiweke NULL wala listi tupu, weka kitu cha tatu. Sisi tuliweka objekti ndogo maalum yenye maana ya "sijaletwa", ukiigusa inapiga kelele ikitaja aina, id na jina la uhusiano, na wakati wa kusevu inarukwa kabisa. Kelele ni muhimu kuliko unavyodhani. SQLAlchemy wana raiseload kwa kazi ya namna hii, Rails kuanzia 6.1 wana strict_loading, Laravel wana preventLazyLoading, wote wamefika kwenye wazo lilelile kwamba bora programu ilalamike kuliko kubahatisha.

Turudi kwenye rejista. Umeshahamisha mstari, umeendesha testi, lupu imeisha, afu kwenye data nyingine lupu iko palepale. Hapa ndo unaweza kukasirika. Angalia kii ya rejista. Kwetu idara ilikuwa inaleta mkuu_id kama stringi, "7", kwa sababu kolamu ile enzi hizo ilitengenezwa kama maandishi, na mfanyakazi mwenyewe alikuwa ameandikwa kwenye rejista kwa namba 7. Kwenye Python au kwenye Map ya JavaScript hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, rejista inatafuta "7", haioni, inaleta mtu upya. Wakati mwingine lupu inajifunga baada ya mzunguko mmoja kwa sababu wa pili ameandikwa kwa stringi, na hiyo ni mbaya zaidi maana hakuna kinacholipuka, unabaki tu na mfanyakazi 7 wawili kwenye memori, unabadilisha simu ya mmoja na wa pili anasevu ya zamani juu yake. Cha kucheka ni kwamba kwenye PHP hungeiona, areya yake inageuza "7" kuwa namba kimyakimya.

Kuna na ndugu wa tatizo hili, urithi wa aina. Rekodi moja inalodiwa kama Mfanyakazi ukipita njia hii na kama Meneja ukipita njia ile, kii zinatofautiana, objekti zinakuwa mbili. Kii ya rejista itumie aina ya juu kabisa kwenye ukoo, na id igeuzwe kuwa aina ya kolamu ya ufunguo mkuu kabla ya kutafuta na kabla ya kuandika, zote mbili, kwenye fankisheni moja ambayo hakuna anayeweza kuikwepa. Kama ufunguo ni wa kolamu mbili au tatu, mpangilio wake nao uwe mmoja siku zote.

Halafu kuna gharama ya kuandikisha mapema ambayo lazima uijue: sasa objekti ambayo haijakamilika inaonekana na wengine. Mfano wa kuudhi kuliko yote ni seti. Namba 7 amejengwa lakini sehemu zake hazijajazwa, idara inamweka kwenye seti ya wafanyakazi, seti inamuuliza hashi yake, ile namba ambayo seti inaitumia kujua imemweka wapi, na hashi inahesabiwa kutokana na jina ambalo bado ni tupu. Baadaye jina linajazwa, hashi inabadilika, ukiuliza seti kama namba 7 yumo inakujibu hayumo, ukizunguka ndani yake unamwona amekaa. Mtu asiyejua mambo haya anaweza kudhani kompyuta imelogwa. Kolibeki, yaani fankisheni zinazoitwa zenyewe baada ya kulodi, nazo ni hivyohivyo, zikiitwa mapema zinakuta mtu nusu.

Ndo maana ORM zilizokomaa zinalodi kwa awamu mbili. Hibernate kwa miaka mingi ilikuwa na klasi yenye jina la TwoPhaseLoad kabisa: awamu ya kwanza soma rekodi, tengeneza objekti, ziandikishe, shika thamani ghafi, awamu ya pili unganisha uhusiano. Sisi tuliongeza ya tatu, kolibeki, ambazo zinasubiri mpaka objekti zote za mkupuo huo ziwe zimeunganishwa, na seti zinajazwa mwisho kabisa baada ya sehemu za kawaida. Na hashi ya objekti ya databesi isitegemee vitu vinavyobadilika, basi.

Usisahau pia kosa likitokea katikati. Umemwandikisha namba 7, ukaenda kuleta idara, mtandao ukakatika. Kwenye rejista kumebaki mfanyakazi nusu na lodi inayofuata itampokea kwa mikono miwili kana kwamba amekamilika. Kwa hiyo kosa likipita, kila kilichoandikishwa kwenye mkupuo huo kitolewe. Na rejista iwe ya sesheni moja, isichangiwe na nyuzi nyingine za programu, la sivyo uzi mwingine utachukua objekti wakati wewe bado unaijaza.

Mpaka hapa nimeongelea miduara. Kuna hali ambayo haina mduara hata kidogo na bado staki inafurika, mnyororo mrefu. Kila toleo la dokumenti linaonyesha toleo lililotangulia, na kuna dokumenti zenye matoleo elfu kadhaa. Rejista haisaidii kitu hapa kwa sababu kila rekodi ni mpya kweli. Python kwa kawaida inagoma ikifika miito 1000 ndani ya miito, na kila ngazi yako ya kulodi inakula miito mitatu minne, kwa hiyo unafia mbali kabla ya toleo la 1000. Kuongeza hicho kikomo ni kuahirisha tu.

Tulichofanya ni kuacha kabisa fankisheni kujiita na kutumia foleni. Lodi inaanza na id ulizotaka, inaleta rekodi zake, inajenga, inaandikisha, afu inakusanya id zote mpya ilizoziona kwenye kolamu za uhusiano ambazo hazimo kwenye rejista, inazipanga kwa aina, na duru inayofuata inaleta kila aina kwa kwiri moja ya IN, ile inayotaja id nyingi kwa mara moja. Inarudia mpaka foleni iishe, ndo inaunganisha. Staki haikui hata kidogo, miduara inakufa yenyewe kwa sababu id iliyokwisha kuandikishwa haiingii foleni, na juu ya hapo lile tatizo la kwiri moja kwa kila mtoto linaondoka bila kulishughulikia rasmi. Kama ningeanza ORM leo ningeanza na foleni, sioni sababu ya kuanza na kujiita.

Angalia tu IN isiwe ndefu kupita kiasi. Oracle kwa miaka mingi ilikuwa ikikataa listi ya zaidi ya vitu 1000, SQLite kabla ya toleo 3.32.0 ilikuwa na kikomo cha kawaida cha vigezo 999 na sasa ni 32766, PostgreSQL vigezo ni 65535 kwa kwiri. Kata vipande vidogovidogo.

Kwa mnyororo wa tebo moja inayojirejea yenyewe, mathalan kategoria na mzazi wake, waachie databesi. WITH RECURSIVE ipo PostgreSQL tangu 8.4, SQLite tangu 3.8.3, MySQL tangu 8.0, inaleta ukoo wote kwa kwiri moja. Ila data nayo inaweza kuwa na mduara ambao haukutakiwa uwepo, mtu kaifanya kategoria kuwa mtoto wa mjukuu wake. Ukitumia UNION ALL, ambayo haitupi rekodi zinazojirudia, unazunguka humo. SQL Server inakukatiza baada ya mizunguko 100 kama hujabadilisha, MySQL baada ya 1000, PostgreSQL inaendelea tu. Ukitumia UNION yenyewe na ukachagua id na mzazi tu, rekodi inayojirudia inatupwa na kwiri inaisha, lakini ukiongeza kolamu ya kina kila rekodi inakuwa mpya na umerudi kwenye lupu, hapo watu wengi wanajichanganya. PostgreSQL 14 wameleta kifungu cha CYCLE kwa ajili hii. Na kwa kweli mduara wa aina hii usivumiliwe kimya, tabaka la kulodi likiukuta litoe taarifa, maana huo sio uhusiano, ni data iliyoharibika.

Zile lupu nyingine mbili nilizozitaja mwanzo, kwa ufupi. JSON: baada ya kurekebisha kulodi vizuri objekti zako sasa zina mduara halali kwenye memori, kwa hiyo laibrari ya JSON ndo itakayolia. Jackson wana JsonManagedReference na JsonBackReference, .NET kuanzia 6 wana IgnoreCycles, zinafanya kazi, lakini mimi natoa nje objekti tofauti nyepesi zenye id tu pale uhusiano unaporudi nyuma. toString: kama unatumia Lombok ya Java, ile alama yake ya Data inakuandikia toString, equals na hashCode zinazopita kwenye sehemu zote, pamoja na uhusiano wa pande mbili, na mstari mmoja wa logi unatosha kuangusha ombi zima. Toa uhusiano humo.

Na kama uko kwenye fremuweki kubwa, jua yako inasimama wapi. Kwenye JPA uhusiano wa ManyToOne unaletwa kwa pupa usiposema kitu, OneToMany unaletwa kivivu, kwa hiyo minyororo mirefu inatoka upande ambao watu hawauangalii. Eloquent, ORM ya Laravel, haina rejista ya objekti, ukiweka with ya kudumu (agizo la kuleta uhusiano kila mara) kwenye modeli mbili zinazoelekeana zitaitana bila kikomo. Rails walijaribu rejista kwenye 3.1 mwaka 2011, ikiwa imezimwa mpaka uiwashe, wakaiondoa kwenye 4.0. EF Core, ORM ya .NET, kwenye kwiri isiyofuatilia objekti inakataa kabisa Include (agizo la kuleta uhusiano) inayorudi ilikotoka na inakwambia wazi, ambapo naona wamefanya jambo la heshima.

Testi sasa. Data za testi za kawaida ni safi mno ndo maana bagi hii inapita, kila mfanyakazi ana mkuu mwingine tofauti. Weka rekodi inayojielekeza yenyewe, mkuu ambaye ni bosi wa nafsi yake. Weka jozi inayoelekeana. Weka mnyororo wenye rekodi zinazozidi staki ya lugha yako. Weka id moja inayofika kama stringi upande mmoja na namba upande mwingine. Kwenye kila moja usikague tu kwamba haikulipuka, kagua kwamba namba 7 uliyemfikia kupitia idara ni objekti ileile kwenye memori na yule uliyeanza naye, na hesabu kwiri zilizoenda kwenye databesi, maana lupu ikirudi kidogo idadi ya kwiri ndo inaonyesha kwanza. Afu ile inayoachwa siku zote: databesi ya uongo inayokataa kwiri ya pili kwa makusudi, unalodi, inashindwa, unalodi tena kwenye sesheni ileile ikiwa nzima, na idara ya namba 7 lazima iwepo.